Sketi ya Mama Kwenye Picha ya Karnivali

Poggio Sorbo, tarehe 6 Mei 1652

Mwanangu Ascanio,

Bwana wetu na Mama yake wakuangalie huko Roma, wakuepushe na homa ya mtoni na marafiki wa vilabuni. Mimi mama yako Domitilla ni mzima isipokuwa goti. Bibi yako Menica ni mzima, masikio hana tena lakini yale meno matatu yanafanya kazi ya thelathini. Anasema nikuandikie kwamba bado hajafa, na kama unangoja mazishi yake ndipo uje nyumbani, utazeeka wewe kwanza. Dada yako Faustina anakusalimu, amekonda kidogo. Ndugu yako Nunziato anakusalimu, amekonda zaidi. Jirani yetu Brigida anakusalimu, na machozi yake utayaelewa mbele. Padri angekusalimu lakini hajui kama ninaandika. Gaspare mwenye nyumbu atakusalimu kwa mdomo wake maana ndiye anayekuletea barua hii. Mpe mvinyo, ila usimpe mwingi, njia ya kurudi ina korongo. Kondoo ni kumi na mmoja, yule mweusi amezaa mapacha.

Usishangae mwandiko. Siku zote Padri ndiye huniandikia, lakini hii nimeiandika mwenyewe kwa herufi alizonifundisha marehemu shangazi yangu wa utawani, na imenichukua siku nne. Kuna mambo sikutaka yapite kwenye kalamu ya Padri.

Kwanza ni Ottavio, mchumba wa dada yako. Najua unajua, Roma ndiko yalikomkuta, lakini sijui unajua kiasi gani. Mtu aliyevaa kinyago alimrushia yai siku ile ya mwisho ya Karnivali, Kwaresima ikiwa kesho yake. Kila mtu anarusha mayai, maganda yaliyojazwa unga wa chaki, mtu anachafuka, anacheka, anamtafuta mwenzake naye amchafue. Hili lilikuwa na chokaa kali ya waashi, ile isiyozimwa, inayounguza ikipata maji, na Ottavio alikuwa amelowa mvua. Nunziato ndiye aliyemleta nyumbani, siku tatu njiani akimshika mkono. Jicho la kulia limekufa. La kushoto linaona mlango ukiwa wazi, basi. Mtengeneza mapipa asiyeona ubao atatengeneza nini, mwanangu? Harusi ilikuwa iwe baada ya Pasaka. Pasaka imepita, hakuna anayeitaja. Brigida mama yake anaapa kwamba siku atakayomjua aliyerusha yai lile, atampeleka mbele ya hakimu, aende akavute makasia kwenye merikebu za Papa mpaka afe.

Sasa la pili. Jumanne nilipeleka jibini kwenye nyumba ya bwana mkubwa. Lavinia, mke wa msimamizi, akaniita stoo: "Njoo, Domitilla, uone mume wangu alichonunua Roma. Wametuambia ni cha mwanao." Ilikuwa imeegemezwa ukutani, picha ndogo, upana wake kama ubao wa kukatia mkate. Nilipoitazama nilisahau jibini. Yule mganga wa uongo aliyepanda punda kinyumenyume, nilicheka. Yule anayetapika pembeni ya kanisa, Lavinia akasema, "Huyu mtoto wako anawajua walevi kuliko watakatifu." Nikamwambia, "Walevi wanakaa wakachorwa, watakatifu wako mbali." Nilikuwa na fahari, sitaki nikudanganye. Rangi zako zinapumua.

Halafu nikamwona yule mwanamke upande wa kushoto, aliyevaa kinyago, ambaye si mwanamke maana ana miguu ya mwanamume. Ameinua mkono ana yai.

Ninakuomba uje ubadilishe sketi yake. Iwe nyekundu, iwe nyeusi, iwe yoyote. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli wataitundika ukumbini, na unajua siku hiyo kijiji kizima tunaingia kunywa kikombe kimoja kwa bwana mkubwa na kutazama vitu vyake. Uje kabla. Sema umekuja kupaka mafuta ya kuilinda, wao hawajui. Usiniulize kwa nini.

Mama yako


Roma, 19 Juni 1652

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na Gaspare pia, mvinyo nilimpimia mwenyewe. Nafurahi kusikia wote hamjambo. Mwambie Bibi nitakuja nimchore akiwa hai, asitafute visingizio. Wapongeze mapacha wa kondoo mweusi. Mimi ni mzima. Mkono wa kulia ulikuwa na vidonda tangu majira ya baridi lakini umeshapona, nashika brashi vizuri.

Hapa kazi ipo. Bwana wangu Mflemi, anayenifundisha kuchora, amepata watu wengi wanaotaka picha ndogo, sokoni, vilabuni, Karnivali, watu wanaocheza kamari juu ya ngoma. Wachoraji wakubwa wa makanisa wanatutukana. Wanasema sisi tumefungua dirisha tu tukachora uchafu unaopita. Mmoja aliniambia mbele ya watu, "Wewe mtoto wa mlimani, lini utachora mtu aliyenawa uso?" Nikamjibu, "Siku utakayonawa wako, ukaja nikuchore." Watu walicheka, yeye hakucheka, na sasa hanisalimii.

Kuhusu picha, Mama, haiwezekani. Ikishauzwa si yangu tena. Na bwana wangu ametufundisha jambo moja tu kwa fimbo: uchore ulichokiona, kama ulivyokiona, mahali ulipokiona. Sketi ile niliiona, ndiyo maana ipo. Ukianza kubadilisha sketi kwa sababu jirani atasema, kesho utabadilisha nyuso, keshokutwa utakuwa unachora malaika kama wale wengine. Vinyago ni vinyago. Hakuna mtu atakayetazama sketi.

Nimekutumia kwa Gaspare sindano na uzi wa buluu wa Faustina.

Mwanao mtiifu,
Ascanio


Poggio Sorbo, tarehe 11 Agosti 1652

Mwanangu Ascanio,

Salamu zote kama za mwanzo, goti limeongezeka, Bibi yuleyule. Nimechelewa kwa sababu Gaspare alikuwa kwenye mavuno na nyumbu wake, na kwa sababu nilikuwa nimekasirika, sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Sindano na uzi vimefika. Faustina ameviweka sandukuni. Hashoni siku hizi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kusoma kwangu unakujua, kidole chini ya kila neno. Kwa hiyo sikuruka kitu. Umemuulizia kondoo. Umemuulizia Bibi. Ottavio hukumuuliza. Amekula kwenye meza yetu tangu akiwa mdogo, wewe na yeye mliiba zabibu za Padri pamoja, mkapigwa pamoja. Nimekuandikia amekuwa kipofu, ukanijibu habari za wachoraji wanaokutukana. Nikasema labda huzuni imemziba mdomo. Kisha nikasema, hapana, huyu mtoto nilimzaa mimi, huwa anaongea sana anapoficha kitu.

Basi mimi nitaanza kusema, labda na wewe utasema.

Sketi ile ni yangu. Ile ya kahawia, ya sufu, niliyoshona pindoni kiraka kikubwa cha buluu kutoka kwenye joho la marehemu baba yako, joho lake la chama cha maandamano kanisani. Hakuna nyingine dunia nzima. Umechora hata kona pale nilipokosea mshono. Kijiji kizima kinaijua, nimepiga magoti nayo kanisani miaka tisa mbele ya Brigida. Niliitafuta Kwaresima yote, nikamlaumu mwanamke masikini aliyelala zizini kwetu, Mungu anisamehe.

Nilimfuata Nunziato mtoni alipokuwa anaosha sufu. Nikamwambia, "Sketi yangu iko wapi?"

Akasema, "Sketi gani, Mama?"

"Ile iliyoko kwenye picha ya kaka yako."

Akaacha sufu ikaenda na maji. Mimi ndiye niliyeingia mtoni kuikimbilia, na goti hili. Niliporudi alikuwa amekaa chini. Akaniambia yote. Aliichukua sketi bila kuniaga akaenda Roma kumfanyia Ottavio mzaha. Ajifanye mimi. Atembee nyuma yake sokoni kwa sauti yangu, "Mkwe, mkwe wangu, utaoa lini, au umepata Mroma?" Alipomwona kwa nyuma hakuweza kungoja, akapiga mluzi kwanza. Ottavio hakuwa amegeuka sawasawa yai likampata. Hakuona kinyago wala sketi. Nunziato alidhani anajifanya, analia kwa mchezo. Alipojua si mchezo akakimbia, akavua nguo nyuma ya kisima, akarudi kama mtu aliyesikia kelele. Tangu siku hiyo anamwongoza kila Jumapili kanisani, na Ottavio anamwambia mbele ya watu, "Huyu ni zaidi ya ndugu." Nunziato akisikia hivyo hali chakula siku nzima.

Nikamuuliza, chokaa ulitoa wapi? Akanitazama. Akasema, "Mayai nilipewa." Na nani? Akasema, "Mama, usiniulize hilo." Nilimpiga kofi, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili.

Sasa wewe niambie. Ulikuwepo. Hungeweza kuchora hata mshono wangu uliopinda bila kuwepo karibu. Kwa nini ulimchora ndugu yako? Hukumjua? Hukuijua sketi ya mama yako? Na vidonda vya mkono vilitokana na nini, maana rangi haichomi.

Mikaeli ni wiki saba tu. Nijibu.

Mama yako


Roma, 3 Septemba 1652

Mama,

Shikamoo. Soma hii peke yako, kisha uichome.

Mayai nilimpa mimi.

Kwenye ua wetu kuna mapipa mawili. Moja ni letu, unga wa chaki tunaopakia turubai kabla ya rangi. La pili ni la waashi wanaopaka kuta chumba cha chini. Yote meupe, yote yana kifuniko cha ubao. Siku ya Karnivali pipa letu linasogezwa ili mikokoteni ipite. Nunziato alikuja na sketi yako, akiwa amejikwatua, akanichekesha nikashindwa kusimama. Anaijua sauti yako, Mama, hata ile unavyovuta pumzi kabla ya kulaumu. Akaniambia, "Nijazie mayai, kaka, haraka, Ottavio yuko sokoni karibu na Kanisa la Watu anauza mapipa." Tulikuwa na maganda mengi, viini tunachanganyia rangi. Nikachota pale pipa lilipokuwa linakaa siku zote. Nikajaza sita, nikaziba kwa nta, akaondoka.

Mimi nikaenda kunawa. Maji yakachemka mikononi mwangu.

Nilikimbia. Naomba uamini kwamba nilikimbia. Barabara ilijaa, mvua ilikuwa imepungua, jua lilikuwa linatoka chini ya wingu. Nilimwona Nunziato hatua kumi mbele yangu ameinua mkono. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Si kubwa, lakini ilikuwepo. Na badala ya kupiga kelele nilitazama. Jua lilikuwa limegonga mkono wa shati, na kiraka chako cha buluu kilikuwa kimelowa kikawa cheusi pembeni na bado buluu katikati, na nikawaza, hivi ndivyo mkono unavyoinuka, siku zote nimeuchora vibaya. Hilo ndilo nililowaza. Nilipofungua mdomo yai lilikuwa limeshaondoka.

Unauliza kwa nini nilimchora. Sikuweza kuchora kingine. Wiki tatu nilichora ng'ombe, masoko, kila kitu kilitoka kimekufa. Nilipochora ile, ilitoka kwa siku mbili. Bwana wangu akasema ni kazi yangu ya kwanza ya kweli. Nilijua sketi ni yako. Nilijiambia itanunuliwa na Mfaransa fulani aondoke nayo mbali. Msimamizi wa kwetu alipoinunua nilikuwa nimetumwa dukani kununua mafuta.

Nunziato anajua nilimjazia mimi. Hajui kwamba nilifika, wala kwamba nilisimama.

Usimwambie mtu. Bwana wangu ananipeleka Napoli mwezi wa kumi kwenye nyumba ya mtu mkubwa. Jambo hili likijulikana, hakuna nyumba itakayonifungulia. Hata nikisema, Ottavio hataona. Mwambie Nunziato aende kwa mjomba huko Norcia mpaka picha izoeleke. Nakuomba.

Ascanio


Poggio Sorbo, Jumamosi tarehe 21 Septemba 1652

Ascanio,

Sote tu hai. Salamu nyingine zitangoja.

Hawakungoja Mikaeli. Alhamisi Lavinia aliitundika kujaribu msumari, na Brigida alikuwa ameleta mashuka yaliyofuliwa. Alikuja moja kwa moja uani kwangu bila kuvua aproni. Ottavio alikuwa hapo, amekaa na Nunziato wakichambua maharage, hiyo kazi anaiweza, anaipenda.

Brigida akasema, "Domitilla, ile sketi yako ya kiraka, nenda uniletee niione."

Nikasema imepotea. Akasema, "Imepotea lini?"

Nilikuwa natafuta uongo, mwanangu, nilikuwa nimeshafungua mdomo, Nunziato akainuka. "Mama Brigida, mwache. Niliivaa mimi. Yai nilirusha mimi. Na nililijaza mwenyewe, chokaa niliichota kwa waashi."

Maharage yalikuwa yanaanguka kutoka mapajani mwa Ottavio na hakuna aliyeyaokota. Ottavio akasema, "Ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka ucheke."

"Miezi saba umenishika mkono."

"Ndiyo."

"Usinishike tena."

Faustina ndiye aliyemwinua akampeleka kwao. Amekwenda huko kila siku tangu juzi, na Brigida hamzuii, wala hamsemeshi.

Msimamizi amemfungia Nunziato kwenye ghala la mnara. Hakimu anakuja Jumatatu baada ya Mikaeli. Nimempelekea supu, nikaongea naye kupitia dirishani. Nikamwambia, "Sema ukweli. Sema kaka yako alikosea mapipa. Mtu aliyekosea hapelekwi kwenye makasia."

Akasema, "Umejuaje habari za mapipa?"

Nikamsogezea kijiko. Akasema, "Basi amekuandikia. Afadhali. Mwache aende zake, Mama, yeye ana mkono wa kazi. Mimi nina nini, kondoo?"

Hivyo ndivyo alivyosema, huku anatabasamu. Akishasema mbele ya hakimu kwamba alichota chokaa kwa waashi kwa mkono wake mwenyewe, hakuna atakayeamini kwamba hakujua ni chokaa. Ni miaka kumi. Hakuna anayerudi baada ya miaka kumi.

Barua yako sijaichoma. Ninayo kifuani, inanikwaruza. Uliniomba nisimwambie mtu na sijamwambia mtu, hata Nunziato sijamwambia kwamba ulisimama ukatazama. Hilo sitamwambia kamwe. Hilo ni lako, ukaliseme kwa Ottavio ukiweza, au kwa Mungu. Lakini ya mapipa si yako peke yako tena.

Sikukasirikii kwa kukosea. Mapipa meupe yote mawili, haraka, unacheka, nani asingekosea. Niliwahi kutia chumvi kwenye uji wako nikidhani ni sukari ya mgonjwa, ukalia usiku kucha. Ninachoshindwa kukimeza ni haya maneno yako kwamba hata ukisema, Ottavio hataona. Ni kweli hataona. Lakini Nunziato ana macho mawili mazima na miguu miwili na wanataka kumfunga mnyororo.

Uje. Gaspare anaondoka asubuhi hii, Jumatatu atakuwa kwako. Ukipanda nyumbu wake wa pili Jumanne, Ijumaa uko hapa. Utasimama mbele ya hakimu na utasema kama ulivyoniandikia, pipa lilisogezwa, nilichota mahali lilipokuwa linakaa. Watakutoza, watakutukana, Napoli itakupita. Brigida atakutemea mate. Mimi nitasimama karibu nawe nitemewe nusu yake. Lakini mtalala nyumbani wote wawili.

Usipokuja, Jumatatu ile ya pili nitaitoa barua yako kifuani nimpe hakimu mwenyewe aisome, yote, mpaka pale ulipotazama mkono. Nimepiga magoti siku mbili nikitafuta njia nyingine na sikuipata. Usifikiri ninamchagua yeye. Kama wewe ndiye ungekuwa mnarani, ningemwandikia yeye maneno haya haya.

Gaspare nimemwambia asilale Roma zaidi ya usiku mmoja, na asipokee mvinyo wako mpaka umempa jibu. Kama unakuja, usiandike kitu, panda tu. Kama huji, andika neno moja, mwambie akimbize nyumbu, linifikie kabla ya Jumatatu ile. Nijibu upesi, Ascanio. Nijibu kwa huyu huyu.

Mama yako Domitilla